Jina Nililolitaja Iringa

Iringa, mvua zikiishia

Baba,

Wifi Tumpe ndiye atakayekusomea barua hii, kwa hiyo sauti utakayoisikia ni ya binti yako wa kumzaa, si yangu. Tumpe, soma polepole na usiruke mahali. Salamu zangu nazipitisha kwa mama, naye akufikishie zako kwa namna anayoijua mwenyewe. Mnaamkaje huko? Kifua cha mama kinamsumbua bado na ukungu huo? Lugano wangu anakula, au bado anachagua ndizi kama mgeni wa mjini? Mimi ni mzima. Upepo wa Iringa unakausha midomo, na Wahehe wananicheka ninavyolilia maziwa ya mgando, lakini ni mzima, na wasichana ninaowafundisha wamenizoea.

Najua unashangaa kupata barua yangu. Miaka minane nimeishi kwako kama mke wa Ambokile, minne akiwa hai na minne tangu tumzike, na hatujawahi kutazamana wala kusemezana. Nikisikia umekohoa njiani, najitosa migombani na nguo kichwani mpaka upite. Ndivyo mke wa mtoto anavyomheshimu baba mkwe kwetu, wala sikuwahi kuona ni mzigo. Jina lako sijalitamka tangu siku ya ndoa. Hata Kiswahili hiki nimekichagua kwa sababu Kinyakyusa kina maneno mengi yanayofanana na jina lako, na ningekuwa narukaruka kila mstari kama mbuzi kwenye mawe. Bahasha nimemwomba mtu anayelijua jina hilo aniandikie.

Lakini usidhani sikujua ni nani aliyenitafutia safari hii. Mwaka jana nilikuwa jikoni namenya ndizi, ukasimama nyuma ya ukuta ukaanza kuzungumza na ng'ombe. Ulimwambia, kwa sauti ya mtu anayehutubia baraza, kwamba umesikia Tukuyu Serikali inatafuta walimu wa kike wa kwenda kusoma Ulaya, nauli na ada juu yake, na kwamba mtu mwenye akili angemwandikia Bwana Elimu kabla wenzake hawajamwahi. Ng'ombe hakuandika. Niliandika mimi, kesho yake, ndipo wakaniita huku Iringa nifundishe kwanza. Na ndugu walipotaka nirithiwe na shemeji, ni ng'ombe huyohuyo aliyeambiwa kwamba mama Lugano si jembe la kupokezana. Nililia sana siku ile, Baba. Mama aliponiuliza, nikasingizia moshi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nalizungukazunguka. Wiki mbili zilizopita niliitwa mbele ya kamati hapa Iringa. Walikuwa watatu: Bwana Elimu, bibi mmoja Mzungu wa misheni, na karani anayeitwa Bwana Salumu, mtu wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani. Waliniuliza habari za kufundisha, nikajibu. Wakanipa kitabu cha Kiingereza nisome, nikasoma bila kukwama. Bibi akatabasamu, nami nikajiona nimeshapanda meli.

Ndipo Bwana Elimu akaigeuza fomu yangu. Kulikuwa na mstari mmoja mtupu: jina la mkuu wa familia.

"Hapa mbona hukujaza?"

Akauliza tena, nikatazama sakafu.

"Labda nyumbani hawana habari," akasema. "Serikali haiwezi kumlipia mama aliyetoroka kwao."

Bwana Salumu akanitetea, Mungu ambariki. "Hapana, Bwana. Hawa Wanyakyusa, mwanamke hataji jina la mkwe wake, ni mwiko. Mimi nimekaa Tukuyu miaka, naijua hiyo. Tutume mtu akaulize huko kwao."

"Orodha inaondoka leo kwenda Dar es Salaam. Basi aandike mwenyewe."

Nikawaambia kwamba kuliandika ni kulitaja kwa mkono, na kwamba kwetu mama akilitaja, mtoto wake ndiye anayedhurika. Yule bibi akaniinamia, wala hakuwa mkali, akasema, "Mama, kule utakuwa peke yako. Watu watakuuliza mambo mengi. Utanyamaza hivi?" Bwana Elimu akaifunga fomu, akaiweka upande. Nje ya mlango alikuwa ameketi mwalimu mwingine, na viatu vyake vimepigwa rangi vizuri, anasubiri zamu yake.

Nililitaja, Baba.

Nililitaja kwa sauti, nimeketi kwenye kiti, kichwa wazi, mbele ya wanaume wawili. Bwana Salumu akauliza na la ukoo, nikalitaja nalo. Nilipotoka nje nilichuchumaa nyuma ya ofisi na kulia mpaka mfagizi akaniletea maji. Mimi nimebatizwa, najua Mungu hamdhuru mtoto kwa sababu ya jina la babu yake. Lakini magoti yangu hayajabatizwa. Kila lori lililotoka Mbeya nililikimbilia nimuulize dereva kama amesikia lolote kuhusu Lugano, hata madereva ambao hawajawahi kufika kwetu. Wameshaanza kunikwepa.

Jana nimepata majibu. Nimekubaliwa, miaka miwili, chuo cha ualimu huko Uingereza. Wanalipa kila kitu, hata koti la baridi. Limebaki jambo moja: ndani ya bahasha kuna karatasi, na chini yake pana nafasi ya dole gumba lako. Bila hilo, nafasi anapewa yule wa viatu.

Ningeweza kukuletea karatasi hiyo na kunyamaza. Ungeweka dole kwa moyo mweupe, na hakuna mtu wa Iringa ambaye angekuja kukuambia. Nimeshindwa. Siwezi kukuachia mtoto wangu miaka miwili huku nimekuficha jambo hili. Kwa hiyo sikia kwanza nililofanya, ndipo uamue. Nisamehe, Baba. Kama kuna kuku wa kuchinjwa ili jambo hili liishe, mama amchukue jogoo wangu mwekundu. Ukikataa kuweka dole, nitarudi nishike jembe na sitanuna. Nasema uongo. Nitanuna kidogo, lakini huko huko jikoni.

Mama asalimiwe sana, na asibebe kuni mwenyewe kifua kikimuuma. Shemeji, mdogo wake marehemu, asalimiwe pamoja na mke wake mpya, nasikia ni mcheshi. Mama yangu mzazi apelekewe habari kwamba nimenenepa, asiulizwe kama anaamini. Lugano abebwe na shangazi yake Tumpe, ageuzwegeuzwe, aambiwe hivyo ndivyo mama yake anavyomsalimia.

Kuna jambo dogo nililoliacha. Baada ya kuandika jina lako, Bwana Salumu alifika kwenye mstari unaofuata, akaniuliza wewe ni nani wangu. Nikamwambia, "Baba." Akasema, "Nikuandikie baba mkwe?" Nikasema hapana, andika baba. Akanitazama, akaandika. Utaliona neno hilo limenakiliwa hapo juu ya karatasi, Tumpe atakuonyesha kwa kidole. Kama nimekosea na hilo, lifute kabla ya kuweka dole.

Ni mimi, uliyenitunza bila kuniona,

Subilaga, mama Lugano