Ripoti Niliyompa Chacha

Rangwe

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo. Natumai mko wazima na miguu ya Mama imepungua kuvimba. Je, anakunywa zile dawa, au anazificha chini ya mto kama kawaida yake? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauna raha.

Nilikueleza kwamba chuo cha udaktari huniletea wanafunzi niwafundishe kazi hapa hospitalini. Safari hii alikuja Chacha, kijana wa Ntimaru, mpole, mwepesi wa mkono. Alipomaliza miezi mitatu nikaandika ripoti yake, nikamsifu mpaka karatasi ikajaa. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari la posta halijaonekana wiki nzima. Huku watu hawaiamini posta hata kukiwa kukavu. Barua humpa anayesafiri. Nami nimeshakuwa mtu wa huku. Nikafunga bahasha, nikampa Chacha mwenyewe aipeleke.

Kumbe chuoni ripoti ya siri haibebwi na anayesemwa ndani yake. Walipoziona sifa zile wakasema amezitunga mwenyewe, wakamfukuza. Nilipopata habari nilipeleka telegramu, nikaenda Homa Bay kupiga simu, sauti ikawa inakatika. Likaja jibu la mstari mmoja: kikao kimekwisha. Ya kuvunda hayana ubani.

Chacha alipita hapa akirudi kwao. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Daktari, kwani uliandika nini ndani?"

Siku mbili njiani alikuwa nayo mfukoni, Dada, na hakuifungua. Nililia mbele yake bila haya.

Jumapili nilikwenda Ntimaru kumwomba baba yake radhi. Nilimkuta akipukuchua mahindi, wala hakuacha.

"Hao walimu ya chuo, wewe unajua wao?"

"Kwa barua tu, mzee."

"Hujaona wao hata siku moja? Na wao hawajaona wewe?"

"Bado."

"Na mimi nilifikiri kijana yangu iko kwa watu wanajuana."

Nilikaa nikamsaidia kupukuchua.

Nisalimie shemeji, na Mjomba Athumani aliyenipeleka shule siku ya kwanza. Mama msomee barua yote, ila habari ya Chacha iruke. Yeye huwasimulia majirani kwamba mwanawe ni mwalimu wa madaktari.

Ndimi mdogo wako,
Salim