Konzi Moja ya Unga wa Kijani

Jumanne, 4 Mei 1937. Koyama
Madimbwi yamejaa. Kazi yetu kuua viluwiluwi vya mbu. Konzi moja ya unga wa kijani, debe zima la vumbi, koroga, rusha juu ya maji. Mgongo hauna habari njema. Watu wakanung'unika – twawatilia sumu! Nasrudin, msimamizi, akanisukuma mbele: kunywa maji ya dimbwi, wakuone. Nikanywa. Kwa nini mimi? Hata yeye alikuwa na kiu.

Ijumaa, 7 Mei
Mbu wamepungua kweli. Samaki wa dimbwini wazima. Rukia, binti wa mwenye nyumba wangu Mama Mwanapili, anasuka mkeka wa harusi yake. Kaomba unga atie miyaa rangi. Kijani cha dukani chapauka, asema, chako kama kasuku! Nikampa konzi, mtupu, bila vumbi. Nilikunywa mwenyewe, nitakataaje? Mama kanitania: mkeo huko Mafia keshakusahau sura, nikuozee hapa hapa.

Jumatatu, 10 Mei
Wamechemsha miyaa. Rangi haikuingia, imeganda juu. Rukia anailainisha kwa meno, kama wasukaji wote. Midomo kijani! Mama kacheka: harusi ya kasuku. Maji ya rangi wameyamwaga uani, karibu na kisima.

Jumatano, 12 Mei
Kuku watatu wamekufa uani. Rukia anatapika, tumbo lamkata. Mama asema ni jicho la watu. Sielewi. Mimi nilikunywa! Samaki wanaogelea!
Nimemuuliza Nasrudin. Kashika kichwa. Ulimpa mtupu? Ule waua ng'ombe! Nikamwambia: mbona hukuniambia? Naye: Si nilikwambia unawe mikono? Kweli alisema. Nilidhani ni usafi tu.
Kisha akasema ninyamaze, tutafukuzwa sote.

Alhamisi, 13 Mei
Nimemwambia Mama. Kauchukua mkeka, kaufunga guniani.
Nasrudin kapanda mashua, asema anamfuata daktari Kismayu. Au anakimbia.
Asubuhi mvua kubwa. Ukijani wa uani umeoshwa wote. Umekwenda wapi? Nimechungulia kisimani – maji meupe, hayana harufu. Konzi moja ndani ya debe la vumbi ni dawa. Konzi moja mdomoni ni sumu. Na konzi moja ndani ya kisima? Sijui. Hakuna anayechota.
Rukia anaita maji, maji.
Mama kaja na kata ya maji ya kisima kile. Sauti ya chini kabisa, kwa lahaja ya kwao: wewe ndiwe mchu wa dawa, mwanangu. Juzi ulikunywa mbele ya watu wote. Kunywa, nimpelekee mwenzio.
Kaiweka juu ya sanduku, kando ya karatasi hii. Amesimama mlangoni. Maji yametulia, nauona uso wangu. Nimemwambia ngoja, Mama, nimalize mstari huu