Kibanio Alichonichagulia Orrin

Shoga, Orrin kanisaliti. Orrin, mume wangu!

Jana namuuliza nifunge kibanio kipi cha chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi: kinacholiachia samaki akiuma au kinacholing'ang'ania. Kasema, "Kigumu, mpenzi. Niamini." Niamini!

Leo kwenye mashindano ya uvuvi hapa Sekiu samoni kanasa, mkubwa ajabu. Lile chubwi zito likabaki kwenye mshipi, linayumba, linamtikisa mdomo, mpaka ndoana ikamchomoka, akanitoroka pale pale ubavuni mwa kayaki yangu.

Narudi ufukweni, nachungulia kayaki yake. Kibanio chepesi, kile kinachoachia! "Ndiyo nini hii?" Hana hata haya: "Mwaka jana ulinishinda, ningefanyaje?"

Niamini, eti!

Halafu, samoni aliyemvua yeye hata hajapimwa uzito, ananiita gatini nimshikie samaki apige picha.

Nikamshika vizuri tu. Nikaachia. Samaki kaenda na maji.