Lukungu Wawili wa Kindu

Mikelenge, Kindu

Yaya Valère, kaka yangu mukubwa,

Mama amepona muguu, na mupunga umekomaa. Mimi sasa nakaa kwa shangazi, sababu utaiona.

Unamukumbuka Octave, komisere, mukubwa wa chama hapa. Majina ya kizungu yalipokatazwa, alijipa jina la Lukungu, sawa na mudogo wetu muchezaji. Siku moja mudogo wetu alifunga goli, uwanja wote ukaita Lukungu, Lukungu. Komisere akasimama, akapunga mikono, akidhani anaitwa yeye. Watu walicheka mpaka machozi.

Kesho yake alimwita mudogo wetu pamoja na baba. Akasema, "Mutoto atafute jina lingine." Yaya, lile njo jina la baba yake baba. Lakini baba aliinama, akajibu, "Ndiyo, mukubwa," akamushukuru.

Jumapili mudogo wetu alifunga tena. Uwanja ulinyamaza, hakuna aliyeita jina. Komisere akasimama vilevile, akapunga mikono. Mutu mumoja tu alimupigia makofi, naye ni baba.

Njo sababu niko kwa shangazi. Kwa meza ya baba sikai tena.

Mudogo wako asiyebadilisha jina,
Marceline