Shikamoo ya Kosmas

Jumanne.

Kijijini wote wanasimulia vibaya, eti nimemsamehe Kosmas. Nimsamehe jirani aliyeniita mwizi wa kahawa mbele ya kanisa zima? Thubutu!

Leo mashine yake ya kumenya kahawa imekufa, na kahawa mbivu isipomenywa mapema inaharibika. Akaja kuazima mashine yangu. Roho ikaniambia, iache ioze mpaka anuke yeye. Lakini mimi, bingwa wa kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, Mbinga nzima, sijawahi kuacha zao lioze, hata la adui. Nikampa.

Ila kwanza nikamwambia, "Haya, mwamkie mwizi wako shikamoo." Rika langu yule! Akaniamkia mara tatu, wanawe wakicheka.

Basi, hiyo shikamoo nimeitunga. Alisema, "Nisamehe, kaka." Nikajifanya sikusikia.