Kadi ya Kasha la Joto

Jumanne jioni, mvua bado

Na nilimfokea mbele ya wanafunzi! Wekesa, fundi wetu wa maabara, mtu wa kunigawia hata chai yake.

Kumbe tangu Ijumaa alikuwa ameshusha joto la kasha langu la kuoteshea bakteria kutoka nyuzi themanini hadi thelathini na saba. "Madam, nilidhani umekosea. Hizo bakteria zingeiva," aliniambia asubuhi, akingoja nimshukuru.

Bakteria zangu ni za chemchemi ya maji moto. Joto huzikatakata DNA zao kila wakati, nazo zina vimeng'enya vya kuziunga papo hapo. Nilitaka kujua ni vipi kati ya vimeng'enya hivyo vinavyoongezeka joto likipanda. Sasa zimekaa siku nne kwenye baridi. Kazi yangu yote...

Nikaenda moja kwa moja kwa Daktari, msimamizi wangu, nikamshtaki Wekesa. Kesho atapewa barua ya onyo.

Mchana ndipo nilipoitazama kadi ya mlangoni mwa kasha. Kila mtu huandika hapo nyuzi anazotaka. Ikiwa tupu, fundi huweka thelathini na saba. Ndiyo kanuni yetu. Yangu ilikuwa tupu. Niliichomoa haraka kabla mtu hajaiona.

Iko hapa mezani. Kuandika "80" ni sekunde mbili tu, na nani atajua?

Nimeandika nane. Sifuri imenishinda.

Kesho asubuhi nitampelekea Daktari kadi hii hivi ilivyo, pamoja na hiyo nane yake.