Baba na Kioo cha Ukumbini

Leer, Jumanne

Kwa kaka yangu Tjark,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini zinakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko Kanada haijawafungia ndani. Mimi mwili wangu haujambo. Farasi wote wazima, mvua haikatiki, na chai bado tunakunywa na lile bonge la sukari chini ya kikombe kama Mama alivyotuzoeza. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza useme, Wiebke, unakuza mambo. Barua utaisoma mpaka mwisho utake usitake.

Habari yenyewe ni ya Baba. Tangu baridi ilipoisha amekuwa akikaa upande juu ya farasi. Baba huyu huyu, Tjark, aliyefundisha nusu ya mji kukaa wima. Unakumbuka alivyokuwa akimzungusha farasi kwa kamba ndefu, anakuondolea vikuku vya tandiko vya kukanyagia, anakuamuru uweke mikono kichwani, na unazunguka hivyo mpaka makalio yako yajue katikati ni wapi. Alikuwa akitufokea kwamba aliyezoea kupinda huona amenyooka, kwa hiyo tusiulize mwili, tuulize kile kioo kikubwa cha ukumbini, mle tulimojifunzia kupanda. Sasa yeye ndiye anayeegemea kushoto kama gunia lililofungwa vibaya, na Distel, yule farasi jike maskini, anatembea kombokombo ili asimwangushe.

Hata hivyo alianguka. Unajua mambo ya hapa, anayeanguka analeta keki, na Baba hakuwa ameleta keki tangu tukiwa wadogo. Basi ikawa sherehe. Gesche, yule mwanafunzi wake mwenye mdomo, akamwambia afadhali Mwalimu naye ameonja mchanga, maana walishaanza kudhani amebandikwa kwa gundi. Baba akacheka. Akaanguka tena, akaleta ya siagi. Akaanguka tena, na Gesche akasema safari ijayo wanaomba ya tufaha, hiyo ya siagi imewachosha. Sote tulikula. Mtu hajaanguka miaka nenda rudi, ghafla anaanguka kila mara, na sisi tunagombea kipande cha pembeni. Kisu nilikuwa nacho mimi.

Nilipomwambia kwamba anaegemea, alisema tandiko limepinda. Fundi wa matandiko akaja, akaligeuza na kulipapasa, akasema halina kasoro. Baba akasema basi ni mgongo wa Distel. Daktari wa mifugo akasema mgongo hauna neno. Ndipo Baba akasema kioo ndicho kilichotundikwa vibaya. Alipanda ngazi na pimamaji, mimi nimeshika ngazi kwa mikono miwili, akaiweka juu ya fremu, na kile kipovu kikatulia katikati kabisa. Akakitazama weee. Kisha akasema pimamaji imeharibika.

Nikambembeleza mpaka hospitali. Daktari alisema ni kiharusi, kile kidogo kinachopita mtu asijue, na kimegusa mahali pale kichwani panapomwambia mtu juu ni wapi na chini ni wapi. Kwa Baba, kuegemea ndiko kukaa sawa. Ukimweka sawa anahisi anatupwa. Alisema huenda mazoezi yatasaidia, huenda yasisaidie, ila farasi asipande. Baba alimshukuru kwa adabu, akarudi nyumbani, akatandika farasi.

Nilijaribu kila nililoweza, kaka. Nilimweka kwenye kamba kama alivyotuweka sisi, nikamwendesha Distel polepole, nikausukuma ule mfupa wa nyonga urudi katikati kwa mkono wangu. Alishika manyoya ya Distel kwa mikono yote miwili akaniambia nimwache, namwangusha. Jicho lake lilikuwa jicho la mtoto. Nikamwacha, akarudi upande wake, akapumua. Nikaficha tandiko, akapanda bila tandiko. Sina nguvu za kumfungia baba yangu mlango.

Jumapili alikuja ukumbini na keki. Gesche akamwuliza ameanguka lini, mbona hakuna aliyeona. Baba akasema hajaanguka. Asubuhi alisimama mbele ya kioo, mguu mmoja kwenye kikuku, na akaamua kukiamini. Hakupanda. Alisema hiyo nayo ni kuanguka, basi wale keki. Hakuna aliyegusa sahani mpaka Baba alipokata mwenyewe.

Nilidhani yameisha. Lakini jioni ile, kwenye chai, aliniomba nimfundishe kukaa kwenye kiti. Nikamshika mabega, nikamweka wima. Akang'ang'ania meza, amefumba macho, anatetemeka mpaka vikombe vinalia, akaniuliza kama sasa yuko sawa. Alikuwa sawa, na alikuwa akiteseka. Sikuweza, Tjark. Nikalegeza mikono, nikamwacha aegemee kule anakoona raha, kutetemeka kukaisha. Akauliza tena. Nikamwambia ndiyo, Baba, hapo hapo.

Alifurahi sana. Kioo ameshakisamehe, anasema hakihitaji tena, sasa ana mimi. Tangu jana yuko juu ya Distel, na kila akizunguka anapopita mbele yangu ananiuliza, nami naitikia. Nikisema kweli leo, hatakuwa na wa kumwamini tena, si mwili, si kioo, si mimi. Nikinyamaza, ataanguka vibaya. Njoo umwambie wewe. Mimi nimeshindwa.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Majirani wote wanakusalimu, na Gesche pia. Baba anakusalimu sana, na ameniagiza nikuandikie kwamba sasa amenyooka.

Ni mimi dada yako,
Wiebke